Neno Nililorudi Nalo Kutoka Mji wa Mtoni

Jeddah, Jumamosi, baada ya alasiri. Joto la leo limebeba maji. Ukitoka tu uani nguo zinakushika mwilini kama za mtu aliyeoga akasahau kujifuta. Ndani wote wamelala na viyoyozi vinanguruma. Mimi niko chumba cha kufulia, nimekalia ndoo niliyoipindua, naandika kwa simu.

Blogu hii haina jina langu na wasomaji wake ni wachache. Leo nashukuru kwa yote mawili.

Mwanahawa ameondoka mchana huu kwenda kwao Tanga. Ameondoka akimlilia mdogo wake aliyekufa, na mdogo wake yuko hai.

Mimi ndiye niliyemwambia amekufa.

Kazi yangu iko Riyadh, kwa familia yenye watoto wawili: Lujain wa miaka sita, na mdogo wake ambaye bado anasukumwa kwa kigari. Wengi wetu tulioondoka Kenya na maajenti miaka hii hatuvuki hata geti la nyumba. Mimi nimefika hadi Uingereza. Madam alisoma kule usichanani, na kila mwezi wa nane hurudi na mumewe na watoto kwenye mji mmoja mdogo ulio kando ya mto, wakapanga nyumba ileile. Mwaka jana walikwenda na Zubeda, msichana wa Tanga. Hakurudi nao. Walisema alitoroka, nikaletwa mimi kuziba pengo.

Ambalo sikuambiwa Riyadh nililikuta hapa. Tulipita Jeddah kabla ya kupanda ndege, nyumbani kwa Mama Kabira. Ndivyo sisi wafanyakazi tunavyomwita mamake Madam. Jikoni mwake nikamkuta Mwanahawa, dada yake Zubeda. Mkataba wake ulikuwa umekwisha kitambo, lakini hapa mtu hatoki nchini mpaka kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, atoe ruhusa, na Mama Kabira alishamwambia, tena kwa sauti ya upole, kwamba siku mdogo wake atakaporudi, naye atakwenda. Simu yake ilichukuliwa. Angeweza kukimbilia mtaa wa Bani Malik, walikopanga wenzetu wengi, lakini pasi yake ya kusafiria na ikama, kibali cha kuishi, vilikuwa kabatini kwa Mama Kabira, na Mwanahawa ni mtu wa kuogopa askari hata wa kwenye televisheni.

Tukiwa tunamenya vitunguu aliniambia, "Ukifika huko niangalizie, mdogo wangu. Zubeda hawezi kuninyamazia hivi ila kuna jambo."

Basi nikaenda Uingereza na macho ya mtu mwingine.

Mji wenyewe ni mzuri, sitasema uongo. Kuna daraja la mawe lenye matao, na nyumba za zamani zilizoegemeana kama wazee wakitoka msikitini. Alhamisi uwanja wa katikati unajaa soko: jibini, matunda, maua, sahani za kale. Kuna mashua za kutembeza wageni, kinu cha zamani kilichokuwa kikizungushwa na maji ya mto, magofu ya kanisa, na ngome juu ya kilima. Madam akifika pale anakuwa msichana tena. Alitembea mbele akitueleza historia ya kila jiwe, huku Lujain akimshika mkono, nami nyuma na kigari, mvua nyepesi ikinidondokea usoni.

Siku ya kwanza alituonyesha chumba kidogo cha mawe kilichojengwa juu ya daraja lenyewe. Zamani walevi walifungiwa humo hadi asubuhi. Kwenye makumbusho tukaonyeshwa minyororo. Kwenye ngome kuna shimo walimoshushwa wafungwa kwa kamba. Watu wanalipa kuingia, wanapiga picha, wanacheka. Mimi niliona tu kwamba kila walipotupeleka kutembea palikuwa na mahali pa kumfungia mtu.

Na mto. Maji yake ni ya rangi ya chai ya rangi, hayana kelele, mpaka yafike kwenye kinu yanapoporomoka. Nilikuwa nikisimama pale nikiyatazama kuliko inavyofaa. Niliogopa kwamba Zubeda hakutoroka. Niliogopa kwamba yumo.

Siku tuliyokwenda ngomeni, Madam na mumewe, tunayemwita Baba, walipanda mnara pamoja na Lujain. Ngazi zake ni nyembamba, zinajizungusha, kigari hakipiti. Nikabaki chini na mtoto, kwenye benchi. Mwanamke mmoja aliyevaa koti la mvua, kofia imemfunika hadi kwenye nyusi, akaja akakaa upande wa pili wa benchi. Akafungua chupa ya maji. Halafu akasema kwa Kiswahili cha Tanga, taratibu kabisa:

"Usinitazame. Mtazame mtoto."

Nikamtazama mtoto. Nikaanza kukisukuma kigari mbele na nyuma.

"Nilijua watakuacha hapa," akasema. "Na mimi waliniacha hapahapa."

Alikuwa Zubeda. Anaishi mji mwingine, mbali, hakuutaja wala sikuuliza. Amejificha kwa watu wema. Alikuja kwa treni kwa kuwa alijua wiki yao na alijua mizunguko yao, na alitaka habari moja tu: dada yake alishafika nyumbani? Simu ya Mwanahawa haipatikani, na mama yao kule Tanga anaambiwa tu kwamba binti mkubwa yuko safarini.

Nikamweleza yote. Akafunga chupa ya maji akaikaza kifuniko. Kisha akasema, "Basi wamemshika kwa ajili yangu," akasema tena neno hilohilo, halafu akanipa kazi yangu.

"Mwambie nimekufa. Sema nilitumbukia pale kwenye kinu. Mwambie mbele ya yule bibi. Nikiwa sipo, watamshikia nini?"

Nikamwambia siwezi, dada yake atapasuka moyo. Nikamwambia angalau nimnong'oneze Mwanahawa ukweli. Akakataa. Alisema dada yake Hawa hajui kudanganya tangu utoto, uso wake utawaambia kila kitu kabla hajafungua mdomo. Alie hadi Tanga. Akifika Tanga, yeye mwenyewe atampigia.

Sauti ya Lujain ikasikika kwenye ngazi. Nilipogeuka, koti la mvua lilikuwa limeshachanganyika na wageni wengine getini. Madam alinitazama akaniuliza kama nasikia baridi. Akavua mtandio wake wa sufu akanizungushia shingoni. Aliufunga vizuri, kwa mikono yake miwili.

Tuliporudi Jeddah nilingoja nafasi. Mama Kabira alikuwa mezani jikoni akichambua mnanaa, Mwanahawa anakata kuku. Nikasema kwamba mwanamke mmoja muuza jibini sokoni aliniuliza kama namfahamu msichana mweusi aliyeopolewa mtoni mwaka jana. Nikalisema kwa Kiswahili, nikalirudia kwa Kiarabu changu kibovu.

Mwanahawa aliweka kisu chini. Akanawa mikono, kidole kwa kidole, akaifuta, kisha akakaa sakafuni. Sauti ilichelewa kuja. Ilipokuja nilitamani masikio yangu yafe.

Ambalo sikulitarajia ni kwamba Mama Kabira naye aliteremka sakafuni, kwa magoti yake mabovu yale, akamlaza kichwa kifuani akamtuliza kama mtoto wake wa kumzaa. Alilia naye. Mwanamke aliyemfungia pasi kabatini. Sijui niliweke wapi jambo hilo. Kesho yake alimwambia Baba ashughulikie ruhusa. Halas, imetosha, aende kwa mama yake.

Baba aliniita sebuleni. Hakuwa mkali, hajawahi kuwa mkali. Aliniuliza nani aliniambia, amekaa sehemu gani ya soko, alivaaje. Nikajibu kadiri ya akili yangu. Akatikisa kichwa polepole. Akasema mzee mwenye ile nyumba tunayopanga anamjua kila mtu katika mji ule, atamwandikia amuulize.

Tangu hapo kila asubuhi anafungua simu mezani nami namimina kahawa huku nikitazama kikombe tu.

Leo dereva akaja kumchukua Mwanahawa. Alinikumbatia mlangoni. Mama Kabira alikuwa amesimama hapo hapo, ameshika mfuko wa tende za kumpa mama mtu.

"Walimzika wapi?" Mwanahawa akaniuliza.

Nilikuwa na ukweli mdomoni kama kaa la moto. Nikasema Mungu ndiye ajuaye. Akanishukuru. Alisema wengine wote walimficha, mimi pekee nilimwonea huruma nikamwambia kweli.

Nimeyaandika maneno hayo ili nisije kuyapunguza baadaye.

Baada ya chakula cha mchana Baba aliniita tena. Simu ilikuwa mkononi mwake. Alisema yule mzee amejibu. Sikuambiwa amejibu nini. Akasema nifunge mizigo. Madam na watoto watarudi Riyadh kwa ndege wiki ijayo. Yeye anaondoka kesho alfajiri kwa gari, nami nitakwenda naye.

"Mimi na wewe tutazungumza njiani," akasema.

Hajawahi kusafiri nami peke yangu. Nilikwenda chumbani kwa Madam kumuuliza kama anajua. Alikuwa anamsuka Lujain. Alisema anajua, wala hakuinua macho kutoka kwenye nywele za mtoto.

Niliacha kuandika hapo juu kidogo, dereva amerudi. Nimemuuliza kupitia dirisha la jikoni. Amesema Mwanahawa amepita dirisha la pasi uwanja wa ndege, amemwona kwa macho yake akipunga mkono upande wa pili. Hawawezi kumrudisha tena. Nikakaa chini nikacheka, peke yangu, kama mwehu, halafu nikaona kwamba nalia.

Sasa najiuliza nitasema nini. Nikishikilia hadithi ya muuza jibini, naye anajua si kweli, itakuwaje? Nikisema kweli, watajua Zubeda yu hai na kwamba wiki ile alirudi pale. Hapana. Hilo sitalisema. Anaweza kunifunga, anaweza kuniacha popote, jina la Zubeda halitatoka kinywani mwangu isipokuwa kama jina la marehemu.

Nimetuma ujumbe kwa kaka yangu aliyeko Voi, nimemwambia natoka Jeddah alfajiri kwa gari la Baba kwenda Riyadh, na kwamba nitampigia nikifika. Nisipompigia, aanze kuuliza. Sikumwambia aulize wapi, kwa sababu sijui.

Barabara ile ni ya siku nzima. Baada ya milima ni mchanga tu, na vituo vya mafuta vimeachana mbali sana.

Begi liko tayari. Ndala nimezitia chini kabisa, nikatoa nje viatu vya kamba, vile ambavyo mtu anaweza kutembea navyo mbali.