Sato Aliyechafua Kipimo Changu cha Damu

Buzuruga, Mwanza
Jumapili jioni

Kwako Mama Nyangeta, mke wangu unayeamini maneno ya watu kuliko yangu,

Magoti yanasemaje? Mihogo imeshika? Na yule mbuzi mkorofi, bado anakula kanga za majirani? Mimi nipo hapa kwa binti yetu. Nakula, nalala, nakemewa.

Juzi kwenye simu ulilia, ukasema umesikia kanisani kwamba nimepofuka macho yote mawili na Nyangeta anakuficha. Nikakuambia naona, hukusadiki. Basi nimeomba kalamu. Mwandiko huu unaujua tangu zile barua za uchumba zilizomkera baba yako. Sijaandikiwa na mtu.

Ila huo uvumi nao ulikuwa na pa kuanzia. Ngoja nikueleze.

Unakumbuka nilivyotoka huko Majita: panja linagonga, taya linachoka kabla ugali haujaisha, na jicho la kushoto likazimika kama mtu ameshusha pazia. Daktari wa hapa, binti wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza hii hii na Kisukuma anakijua kuliko mimi, alisema mishipa ya damu ya kichwani imevimba. Isipotulizwa, jicho la kulia nalo litafuata. Akanipa vidonge. Panja likatulia, taya likarudi kazini, uso ukaumuka kama andazi. Na njaa! Nyangeta anasema afadhali kufuga nguruwe.

Kila nikienda kliniki wananitoa damu. Wanaitia kwenye kijibomba chembamba, wanaisimamisha, wanaangalia ile nyekundu inazama upesi kiasi gani. Mwili ukiwa na uvimbe ndani, inazama mbio. Ukitulia, inashuka taratibu kama mama mkwe anayeingia ukweni. Kuna na kipimo kingine cha damu hiyo hiyo, jina lake herufi tatu za kizungu, nacho kinapanda mwili ukiwaka.

Damu yangu ilikuwa inashuka vizuri, na vidonge vinapunguzwa. Mara hii nikaenda nimevaa shati jeupe, najua nitaambiwa nirudi nyumbani. Daktari akatazama majibu, akayarudia tena.

"Babu, vipimo vyote viwili vimepanda. Sana."

"Basi ugonjwa umerudi?"

"Sijui bado. Kaa hapo nje, nimalize na huyu mama nikupime vizuri."

Nikakaa kwenye benchi, Nyangeta kanishika mkono wa kushoto. Mama Nyangeta, nikalifumba hilo jicho la kulia, nikajaribu giza. Nikamsikia mwanetu anavuta kamasi na sikuweza kuona uso wake. Nikalifumbua haraka. Sikupenda kabisa.

Tulipoingia daktari akaniuliza: kichwa? Hakiumi. Taya? Linatafuna hadi mifupa. Jicho? Naona hadi vumbi kwenye feni yenu. Homa, kikohozi? Hapana. Una kidonda popote? Hapana. Akasema anataka kusikiliza mapigo ya mikono yote miwili. Wa kulia nilikuwa nimeutia mfukoni. Akauvuta.

"Babu! Hiki kidole kimefanya nini?"

"Sato."

"Sato gani?"

"Alinichoma mwiba wa mgongoni. Kitu kidogo."

"Nimekuuliza una kidonda, ukasema huna!"

"Daktari, umeniuliza kidonda. Hujaniuliza sato."

Mimi nimevua tangu utoto, nani kwetu anahesabu mwiba wa samaki kuwa ugonjwa? Lakini Nyangeta alisimama na mikono kiunoni, kama wewe kabisa.

"Baba, si nilikukataza kugusa wale samaki wangu wa kukaanga?"

"Ulinikataza kuwaparua. Nilikuwa nawatoa matumbo."

Daktari akacheka mpaka akavua miwani, kisha akawa mkali. Akasema hivi vidonge vinaficha maumivu, kidole kinaweza kuoza mimi napiga soga. Na akasema: "Damu inaniambia mwili unawaka moto, haiwezi kuniambia chumba gani. Hicho unaniambia wewe, babu." Hakuongeza vidonge, hakupunguza. Akakipasua kidole, usaha ukatoka, akanipa dawa ya kukausha, akasema kichwa au jicho likibadilika hata kidogo nije mbio nisisubiri tarehe.

Siku za kungoja kipimo cha pili nilikuwa mpole, muulize mwanao. Kila asubuhi nilisoma kwa sauti maandishi ya gunia la unga, nione kama herufi zote bado zipo.

Alhamisi wakaitoa damu tena. Vipimo vimeshuka vyote viwili. Ni sato tu, mama. Vidonge vimepunguzwa, na nikienda vizuri hivi nitaruhusiwa kuja huko, niwe narudi kliniki tu.

Msalimie mdogo wangu Masatu, umwambie nyavu zangu azishone, asizikodishe. Mwalimu wa kwaya aliyetangaza upofu wangu msalimie kwa upendo, na umwambie anadaiwa wimbo wa kuomba radhi.

Halafu ile picha yako aliyopokea Nyangeta kwenye simu, nimeitazama kwa jicho langu hili moja. Nyuma yako kwenye kamba kuna koti langu la harusi, sijui nani kalivaa. Jogoo wangu mweusi hayumo uani. Hayo tutaongea. Lakini mashavu yako yamekwisha, mama, na kanga umeikunja mara mbili kiunoni. Acha kulia, ule. Nikuletee jicho lililopona, likute nini?

Ni mimi mumeo mwenye kukuona,
Baba Nyangeta