Visigino vya Mama Kavira

Butembo, Jumapili jioni. Ukungu umeshuka mapema, baridi inapenya chini ya mlango, na mimi nimekaa hapa nacheka peke yangu.

Mwezi huu sikuwa na la kunichekesha. Yaya Zaina, dada yangu mkubwa, ndiye mwenye duka hili la mchele na maharagwe. Chumba cha mbele alinipa shingo upande nifungue kazi yangu ya kutunza ngozi, akasema mwezi ukiisha bila wateja magunia yake yatarudi humo. Na Yaya hana mzaha. Kila akipita alikuwa anakipima chumba kwa macho.

Wanawake wachache waliokuja waliondoka wameridhika, lakini wote walikataa kamera. Nani atakubali chunusi zake zizunguke mji mzima kwenye simu? Basi nikabaki kupiga video za chupa za mafuta, sauti yangu ikizisifu. Hata mimi mwenyewe zilinichosha.

Wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilianza kujiuliza mimi ni kipi.

Ndipo akaja Mama Kavira, mkulima wa Vuhovi anayemuuzia Yaya maharagwe. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka hadi vinatoa damu. Nikamwomba nivitunze bure, mradi aniruhusu kupiga video.

« Sura hapana, » akasema. « Miguu, piga tu. »

Nikamwahidi kwamba hakuna atakayemjua. Kila alipoleta maharagwe nilimkalisha mlangoni penye mwanga, nikailoweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu, nikaisugua taratibu kwa jiwe, nikaipaka mafuta ya avoka, yaani parachichi. Visigino vikapona, vikawa laini. Nikaunganisha picha za visigino vya siku ya kwanza na vya siku ya mwisho, bila muziki, mvua tu ikisikika juu ya mabati.

Niliiweka mtandaoni Ijumaa baada ya swala. Kufikia jioni simu haikutulia. Mwanamke mmoja wa Beni, mtaa wa Beu, aliuliza kama naweza kufika kwake kabla ya harusi ya binti yake. Nilimwonyesha Yaya simu nikiringa, nakiri.

Kisha mtu akaandika chini ya video: « Hii kovu ya jembe kwa kidole, si ni Mama Kavira wa kwaya? » Wengine wakaitikia kwamba ni yeye.

Niliona aibu. Video pekee iliyowahi kuniletea watu, na ndiyo iliyovunja ahadi yangu. Nilishika simu muda mrefu, nikiyafikiria magunia.

Nikaifuta.

Leo, ibada ilipokwisha, Mama Kavira aliingia amenuna, na wenzake wa kwaya nyuma yake. Nikaanza kuomba msamaha kabla hajaketi. Hakunipa nafasi.

« Juu ya nini umeitoa? Nilipenda nionyeshe bamama, na haiko tena. Na jina yangu, haukutia hata jina! »

« Mama, ulisema watu wasikujue. »

« Nilisema sura. »

Nimeirudisha hapo hapo, na jina lake juu kwa herufi kubwa. Bamama wa kwaya walikuwa wamekwisha kuvua viatu. Viti havikutosha, na Yaya, Yaya huyu huyu, akatoa kigoda chake nyuma ya kaunta akanikabidhi. Mikono bado inanukia avoka. Alhamdulillah, chumba ni changu, na yule mama wa Beni nimemjibu kwamba nitakuja.

Tulipofunga duka, Yaya hakuondoka. Alikaa kwenye kigoda kile, akavua kiatu kimoja, kisha cha pili, akatazama ukutani. Miaka yote hii sikujua kwamba naye visigino vimempasuka.

Nikachukua simu, nikamuuliza kama nipige.

« Sura hapana, » akasema.

Kukicha tu naenda sokoni kununua beseni la pili.