Mama Nshuti Alipoanza Kusema

New Hope, 9 Mei 2025

Dada Ernestine mpendwa,

Huku ughaibuni theluji imekwisha na watoto hawajambo, ila nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza.

Uliniuliza habari za kazi. Sasa nafunga maboksi ghalani mjini Shakopee. Ile ya kutafsiri katika kituo cha ushauri kwa wakimbizi imekufa.

Palikuwa na mjane mmoja aliyekimbia vita Fizi, Mama Nshuti. Kwa miezi minane alikuja kila Jumanne, akaketi na kunyamaza. Mwezi Machi mwaka huu alianza kusema. Alilitaja jina la mwanawe marehemu, akaeleza alivyomsikia akimwita kutoka ndani ya nyumba inayoungua. Nilitafsiri neno kwa neno. Alipoondoka alisema, "Mengine Jumanne ijayo."

Jumatatu ikaja barua ya serikali kuu. Taratibu za ruzuku zimebadilika, mradi wetu hauendani tena na vipaumbele vyao, fedha zinakoma siku ileile. Mshauri niliyemtafsiria alilia. Kumwambia mama huyo kesho yake kukaniangukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyeijua lugha yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa, binti yangu, haya niliyokwisha kuyatoa niyarudishe wapi?"

Nilimshika mkono tu.

Tangu siku hiyo hajasema na mtu yeyote, hata nyumbani. Jana binti yake alinipigia simu, akaniuliza, "Mama yangu mlimfanya nini?"

Niombee.

Mdogo wako,
Uwase