Rangi Mupya ya Treni ya Moshi

Baraka, Jumatatu

Baba Gentille,

Sisi tuko wazima. Mutoto mudogo ananyonya vizuri, ila hataki nilale.

Picha ya ile treni ya moshi munayotengeneza Kalemie ilifika. Nilimuonyesha papa yangu, mwenye alikuwa akiitilia kuni zamani. Akaweka kidole kwa tanki ya mvuke: “Hapa ndipo ilipasuka, ikaua mwenzangu. Bameziba, ao bamepaka tu rangi?” Sasa kila asubuhi ananiuliza kama umepiga simu.

Unasema Jumamosi mutaiwasha mbele ya wageni. Bakucheke, bakuite mwoga, usipande kabla hujakwangua hiyo rangi ukaona chuma.

Mutoto bado hana jina. Njoo umupe wewe. Usiache tumupe lako kwa ukumbusho.

Ni mimi, Mama Gentille