Siki, Magadi na Mama Mkwe Wangu

Jumapili, jioni. Ukungu umeshuka mapema leo na hauna dalili ya kuondoka. Baridi ya mwezi wa saba hapa Mbulu haina utani. Nimevaa sweta mbili na soksi za mume wangu, na vidole vinavyoandika haya vimeganda. Lakini leo sina neno la kulalamika. Nina furaha mpaka nimeshindwa kukaa, naandika nimesimama jikoni, chai inapoa pembeni.

Mama mkwe wangu yuko chumba cha wageni. Amejinyoosha kidogo baada ya chakula cha mchana, mlango ameuacha wazi, na anakoroma.

Anakoroma! Nyumbani kwangu!

Najua kwa mtu mwingine hilo si jambo la kuandika. Ngoja nieleze, maana nisipoandika leo nitapasuka.

Mimi si mzaliwa wa huku. Nilizaliwa Ifakara, kwenye joto na mbu, nikaletwa Mbulu na ajira ya serikali. Nipo masijala, halmashauri. Hapa ndipo nilipokutana na Emanueli, fundi umeme, Mwiraqw wa Hirbadaw kule Hanang. Tukaoana, tukampata Anita wetu ambaye sasa yuko chekechea. Mama yake Emanueli ni mjane. Anaishi kwenye shamba lake kulekule Hirbadaw, na ng'ombe wake, mahindi yake na maharage yake.

Huwa anakuja mjini kwa ajili ya kliniki ya macho. Na tangu niolewe, kila alipokuja ilikuwa vilevile. Anaingia, ananiitikia shikamoo yangu vizuri kabisa, anashika kikombe cha chai akiwa amesimama, na kabla kikombe hakijafika nusu ameshasogea mlangoni. Anasema anataka kuangalia mvua. Au jua. Au mbuzi wa jirani. Usiku hakulala kwetu hata mara moja. Alikwenda kwa binamu yake, upande wa pili wa mji. "Nimezoea kule," ndivyo alivyosema siku zote.

Nami kila nilipopata habari kwamba anakuja, nilianza kusafisha. Siyo kusafisha kwa kawaida. Choo nilikimwagia ile dawa ya buluu. Sakafu niliipiga deki kwa dawa yenye harufu ya waridi, halafu nikarudia kwa blichi. Makochi na mapazia niliyapulizia marashi ya kopo. Mama yangu mzazi alinilea kwa imani kwamba nyumba safi lazima inukie mpaka barabarani, na mimi nilihakikisha barabara nzima inajua.

Mama mkwe alivyozidi kukimbilia mlangoni, ndivyo nilivyozidi kusugua.

Nilidhani ananiona mchafu.

Siwezi kueleza jinsi wazo hilo lilivyonitafuna. Nilipomwambia Emanueli alinijibu kwamba mama yake ni mtu wa shamba, hajazoea nyumba za mjini, nimwache. Nikaendelea kusugua. Lakini kuna siku tukiwa mezani Anita aliuliza, mdomo umejaa makande, kwa nini bibi halali kwetu. Emanueli akaangalia sahani yake. Mimi nikaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Mambo yalibadilika kipindi cha mvua za masika, mwaka huuhuu. Mama alikuja mvua ikiwa inapiga kweli, akakaa barazani kwenye kigoda, matone yanamrukia miguuni. Nikamsihi aingie. "Hapa panatosha," akasema. Nikamsihi tena. Akajifunika shuka lake vizuri, hakusogea. Nikarudi ndani, nikainamia sinki, nikalia.

Hapo ndipo alipoingia Mwanahawa, jirani yangu. Ni muuguzi, mtu wa Tanga, alikuwa analeta sufuria aliyoazima. Nilimsikia akimwamkia mama barazani, kisha akaingia, akapiga chafya mara kadhaa mfululizo. Alipofika jikoni macho yalikuwa yanamtoka machozi kuliko mimi niliyekuwa nalia.

"Mama Anita, humu umemwaga nini leo? Mbona pananuka kuliko wodini kwetu?"

Nikamwambia nimesafisha tu, mama mkwe amekuja. Akaniangalia. Akageuka akaangalia baraza. Kisha akaweka sufuria chini, akatoka, nami nyuma yake, akachuchumaa mbele ya mama.

"Mama, samahani nikuulize. Ukiingia mle ndani unajisikiaje?"

Mama alinitazama mimi kwanza. Aliona aibu. Sikuwahi kumwona na aibu, ni mwanamke anayekamua ng'ombe wakali huku anaimba.

"Kifua kinafunga," akasema taratibu. "Ile harufu inanishika hapa." Akagusa koo. "Nikikaa kidogo tu, pumzi haipiti. Kwa binamu hakuna harufu, ndiyo maana nalala kule. Sikutaka kusema. Mwenyewe amehangaika, amesafisha kila mahali. Nitamwambiaje mtoto wa watu kwamba usafi wake unaniumiza?"

Mtoto wa watu ndiye mimi.

Nilicheka na kulia kwa pamoja, na mvua ikanilowanisha, sikujali. Miaka yote ile nilikuwa namfukuza mama mkwe wangu kwa ndoo na tambara, huku yeye anavumilia baridi ya nje ili asinivunje moyo!

Mwanahawa hakuishia hapo. Alimpeleka mama hospitali, wakampima kifua, ikaonekana ni pumu. Amepewa dawa ya kuvuta, na ameambiwa akae mbali na moshi, vumbi na harufu kali. Emanueli alikwenda Hirbadaw, akapanua dirisha la jiko la mama na kutoboa tundu la kutolea moshi. Hiyo ilikuwa kazi yake.

Kazi yangu ilikuwa nyumba hii.

Nilimuuliza Mwanahawa nitasafishaje bila dawa, wadudu hawatatula? Akacheka. "Wodi ni wodi, sebule ni sebule. Kule kwetu kuna damu na vidonda. Kwako kuna nini zaidi ya vumbi na makombo ya mtoto?" Blichi moja tuliiacha, imefungwa, juu kabisa kwenye stoo ya nje, kwa siku mtu atakapougua na kutapika. Nyingine zote zimeondoka. Na alinionya kwa ukali, mkono kiunoni, nisije hata siku moja kuchanganya blichi na siki, limau au dawa ya choo, maana hewa inayotoka hapo inaweza kumlaza mtu mzima, sembuse mgonjwa wa pumu.

Basi nikaanza. Na nikaanza kwa kuharibu.

Nilisikia magadi yanaondoa mafuta. Magadi haya haya tunayopikia makande, sokoni yapo tele. Nikayachemsha kwenye sufuria yangu nzuri, ya aluminiamu, zawadi ya harusi. Nilipofunua, ndani ilikuwa nyeusi kama mkaa. Nikashika kichwa. Nikajaribu kuchemsha humo maji ya limau, sina hakika kwa nini, nadhani nilikuwa naomba msamaha tu. Weusi ukaanza kuondoka, sufuria ikang'aa kuliko siku niliyopewa! Nilimwita Anita aje aone. Alisema, "Mama, ni uchawi?"

Halafu nikajiona mjanja. Magadi ni makali, siki ni kali, nikiyaweka pamoja si yatakuwa makali zaidi? Nikayatia kwenye chupa, nikafunga. Kifuniko kiliruka mpaka kwenye dari, povu likamwagikia redio ya Emanueli. Na maji yaliyobaki hayakusafisha chochote, kimoja kilikuwa kimemmaliza mwenzake. Sasa najua kila kimoja kinatumika peke yake.

Wiki ya kwanza siki niliimwaga kama maji. Emanueli alisimama mlangoni na begi lake la vifaa, akavuta pumzi, akasema, "Leo tunakula kachumbari?" Mwanahawa naye akaniambia hata siki na limau vikizidi vinakera kifua. Nipunguze, nifungue madirisha. Kwa mtu wa Ifakara, kufungua madirisha Mbulu asubuhi ni adhabu. Nimeyafungua.

Na taratibu nikapata mkono wa kazi. Naomba niviandike nisije nikasahau, maana kila siku napenda hivi vitu zaidi.

Sakafu yangu ya vigae naipiga deki kwa maji ya moto na sabuni ya mche niliyoikwangua, kidogo tu. Inatosha. Miaka yote hii ilikuwa inatosha! Vioo vya madirisha ni siki iliyozimuliwa kwa maji na gazeti la zamani, na asubuhi ukungu ukiondoka naona mlima ambao nilidhani uko mbali zaidi. Sinki nalisugua kwa majivu yaliyochekechwa na dodoki. Choo ni magadi na brashi na nguvu za mkono. Mikono yangu yenyewe, iliyokuwa inachanika kila msimu wa baridi mpaka naficha vidole ofisini, imepona. Nimeiangalia leo kanisani wakati wa kupeana amani, nikaona haya kwa jinsi nilivyokuwa naipenda.

Siki natengeneza mwenyewe sasa. Maganda ya nanasi, maji, sukari kidogo, kwenye ndoo iliyofunikwa kitambaa, nyuma ya mlango wa stoo. Ya kwanza iliota ukungu wa kijani nikaimwaga. Ya pili imetoka safi, rangi ya chai isiyo na maziwa. Nilimpa Mwanahawa chupa na akanichekesha, aliitia kwenye samaki.

Lakini haya yote yalikuwa mazoezi. Mtihani ulikuwa jana.

Emanueli alimfuata mama Hirbadaw. Kliniki yake ni kesho. Asubuhi yote nilipambana na nafsi yangu. Nyumba ilikuwa safi, nilijua ni safi, lakini haikunukia chochote, na mkono wangu ulikuwa unatafuta kopo la marashi ambalo halipo. Nyumba isiyonukia, na mama mkwe anakuja! Nikajiambia: tulia, wewe mwanamke.

Wakafika mchana. Nikamwamkia. Akaitikia, akasimama kizingitini kama kawaida yake. Nikaona pua yake inafanya kazi. Akavuta pumzi moja ndogo, ya woga. Kisha nyingine. Kisha akavuta moja ndefu mpaka mabega yakapanda.

Akavua viatu.

Alikaa kwenye kochi. Akainywa chai yote, akiwa amekaa, na akasogeza kikombe niongeze. Nilikuwa naangalia kifua chake kama watu wanavyoangalia penalti. Anita alimpandia mapajani, akamwonyesha namba anazojifunza, na mama akazihesabu naye kwa Kiiraqw, kisha kwa Kiswahili, bila kukohoa. Emanueli alijifanya anatengeneza swichi ya taa ambayo haikuwa na ubaya wowote. Nilimwona anafuta macho.

Jioni ilipofika nilisubiri yale maneno, "nimezoea kule." Hayakuja. Aliuliza tu blanketi ziko wapi.

Leo tumekwenda kanisani wote, tumekula mchana pamoja, na baada ya kula aliniita nyuma ya nyumba. Nikadhani ameona kitu kibaya. Alikuwa amesimama kwenye ule uwanja mdogo wa saruji karibu na kamba ya nguo, anapima kwa hatua.

"Mama Anita, hapa kuna nafasi."

"Nafasi ya nini, mama?"

"Ya kuku wangu. Ng'ombe wataangaliwa na shemeji yako kulekule. Lakini kuku siwezi kuwaacha kule muda mrefu. Kicheche atawamaliza."

Muda mrefu.

Sikuthubutu kumuuliza muda mrefu ni kiasi gani. Nilisema tu, "Walete, mama." Akaingia kulala.

Kwa hiyo kesho nikitoka kazini napita kwa seremala kuulizia banda. Emanueli anasema nimechanganyikiwa, mimi niliyekuwa nafukuza inzi mmoja kwa kopo zima la dawa, leo nakaribisha kuku. Achaneni na mimi. Nina swali moja tu linalonisumbua jioni hii, na sina hata aibu ya kuliuliza hapa:

kinyesi cha kuku kwenye saruji kinatolewa kwa siki, au kwa magadi?