Shuka Jekundu Getini

Mjukuu wangu Neema,

Huku Karatu mimi ni mzima, ila baridi imenishika magoti. Paka uliyeniachia amezaa tena, watatu.

Umeuliza kwa nini kila picha ninayokutumia ina shuka jekundu getini, hata siku ambayo sijafua.

Nilipokuwa msichana kule Daa, mama alinituma kila asubuhi kutazama kama jiko la Bibi Paulina, jirani aliyeishi peke yake, linatoa moshi. Moshi ulikuwa na maana kwamba ameamka. Siku moja ukungu ulikuwa mzito, nami nikaona uvivu kuvuka bonde. Niliona weupe juu ya paa lake, nikarudi kusema, "Moshi upo." Kumbe ni ukungu. Walimkuta jioni, sakafuni. Alipona, na hakunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu.

Sasa mtaa wetu ni wa wastaafu watupu, watoto wetu wote mko mbali, na tunapikia gesi. Moshi hakuna. Basi tumekubaliana: shuka getini kabla ya saa mbili asubuhi.

Leo saa tatu geti la Mwalimu Safari lilikuwa tupu. Niliiacha barua hii mezani nikakimbia na ndala moja mguuni. Nikamkuta anakunywa uji.

"Dada, karibu uji," akasema. Alikuwa amesahau tu! Nilimfokea mpaka nikalia.

Neema, siku utakayonipigia nisipokee, usijiambie ni mtandao.

Bibi yako