Moto Uliowaka Tena Mkononi

Makorora, Tanga

Dada Mwamvua, shikamoo.

Sisi huku hatujambo. Mtoto wetu Samira ameanza madrasa, na vitumbua vya Mama vinapata wateja. Uliuliza kwa nini nilirudi ghafla kutoka Lebanoni. Basi nikueleze.

Unajua nilikuwa nikimtunza bibi mmoja, Bi Salwa, kijijini karibu na mpaka. Asubuhi moja yaliangushwa mabomu ya fosforasi, kemikali inayowaka ikikutana na hewa. Moshi mweupe ulitanda, vipande vinavyowaka vikamwagika uani, kimoja kikaniganda mkononi. Nilikimwagia maji kikazimika, lakini maji yalipokauka kikawaka tena chenyewe. Bi Salwa, ambaye hata kusimama ni mpaka ashikwe, alivua ushungi wake, akauloweka, akanifunga nao mkono. Njia nzima ya hospitali aliulowesha mkono huku akisema, "Usifungue, binti yangu." Daktari alikitoa kipande hicho mkono ukiwa ndani ya beseni la maji.

Mama nilimwambia niliungua mafuta ya kukaangia. Jana alipokuwa akinipaka dawa alisema, "Rahila, mafuta yameniunguza miaka yote. Hayatoboi hivi."

Nikamsimulia yote. Alilia, kisha akauliza, "Na huyo bibi, sasa nani anamwogesha?"

Watu wote wamekihama kijiji kile, na simu yake haipatikani. Tangu jana Mama anamwombea kila baada ya swala, kwa jina lake.

Mdogo wako akupendaye,
Rahila